Je, Punje za Jeli Zaweza Kuipoza Nyumba?



Joto la Usangu katika miezi ya Oktoba na Novemba mnalijua wenyewe. Mpunga umekwisha kuvunwa, majaruba yamepasuka, upepo unapeperusha vumbi toka Ubaruku hadi Rujewa, na ndani ya nyumba ya bati saa nane mchana hakukaliki. Wakati kama huo mtu akikuambia kuna kitu kinachopoza bila umeme, utamsikiliza. Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya kitu kimoja cha namna hiyo, yaani punje za jeli zinazonyonya maji. Tunayo sababu ya kufanya hivyo.

Bibi mmoja wa Ubaruku anamlea mjukuu wake mwenye kisukari. Mtoto huyo huchomwa sindano ya insulini asubuhi na jioni. Siku moja aliletwa kwetu akiwa na kiu kali, anakojoa mara kwa mara, anatapika, anavuta pumzi nzito, na kinywa kinatoa harufu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hizo ni dalili za sukari iliyopanda mno, na mtoto wa namna hiyo hupoteza maisha haraka asipotibiwa. Tulimwuliza bibi kama sindano zilirukwa.

“Hapana, sista. Hajakosa hata siku moja. Namchoma mimi mwenyewe.”

Daftari lake lilithibitisha maneno yake. Ndipo alipofungua kikapu akatoa kopo la bati lenye kifuniko. Ndani yake mlikuwa na punje laini zenye rangi ya bluu, na katikati ya punje hizo chupa ya insulini, karatasi yake ya maandishi imelowa na kubanduka. Ndugu yake alimletea punje hizo toka mjini akimwambia kuwa ni barafu isiyohitaji umeme. Bibi aliweka kopo juu ya kabati, karibu na bati la nyumba, na kwa wiki kadhaa aliamini kuwa dawa imo mahali pa baridi.

Mtoto alitibiwa akapona. Aliporudia kipimo chake kilekile cha kila siku, lakini kwa chupa mpya, sukari yake ilitulia. Bibi hakuwa mzembe hata kidogo. Alifanya kwa uaminifu jambo alilofundishwa vibaya. Kwa hiyo tukaona yafaa tuzijaribu punje hizo sisi wenyewe.

Punje hizi ni nini?

Ni aina ya plastiki iliyotengenezwa ili inyonye maji na kuyashika. Moja ya aina hizo huitwa sodiamu poliakrileti. Ikiwa kavu ni chembe ndogo kama chumvi au kama mbegu ya ulezi. Ukiitia katika maji safi huvimba na kuweza kushika maji yenye uzito wa mara mia au zaidi ya uzito wake. Katika maji ya chumvi hunyonya kidogo kuliko hapo.

Si kitu cha ajabu. Akina mama wengi wanayo nyumbani bila kujua, kwa sababu ndiyo inayoshika mkojo ndani ya pampasi za watoto. Katika miaka ya 1960 na 1970 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walishughulika na vitu vya jamii hii wakitafuta njia ya kuufanya udongo ushike maji kwa muda mrefu. Siku hizi punje kubwa zenye rangi huuzwa kwa ajili ya kupambia vyombo vya maua, na watu huziita shanga za maji.

Baridi yatoka wapi?

Hapa ndipo penye kosa la wengi. Punje zenyewe hazina baridi. Kinachopoza ni maji yaliyomo ndani yake, tena pale tu yanapokauka na kugeuka mvuke. Maji hayawezi kuwa mvuke bila kuchukua joto, nayo hulichukua toka kitu kilicho karibu. Ndiyo maana ukitoka mtoni na nguo iliyolowa husikia baridi hata jua likiwaka. Ndiyo maana pia maji ya mtungi ni baridi kuliko maji ya ndoo ya plastiki. Mtungi una vitundu vidogo sana, maji hupenya hadi nje, hukauka, na yaliyobaki ndani hupoa.

Kutokana na hayo twapata mambo matatu ya kukumbuka:

1. Pasipo hewa inayopita hapana baridi. Ukifunga punje ndani ya kopo, hewa iliyomo hujaa unyevu upesi, maji huacha kukauka, na kupoa hukoma.

2. Hewa ikiwa na unyevu mwingi baridi hupungua. Hewa ikiwa na joto la nyuzi 32 za sentigredi na unyevu wa asilimia 40, kitu kilicholowa chaweza kushuka hadi karibu nyuzi 22. Joto likiwa lilelile lakini unyevu ni asilimia 80, kitu hicho hakitashuka chini ya nyuzi 29 hivi. Kwa hiyo njia hii hufaa zaidi wakati wa kiangazi kuliko wakati wa masika, majaruba yanapojaa maji.

3. Kiwango hicho ndicho kikomo. Punje za jeli haziwezi kupoza kuliko kitambaa kilicholowa kinavyoweza kupoza.

Tulivyojaribu

Tulichukua vipimajoto viwili vya ukutani. Kipimajoto cha homa hakifai kwa kazi hii, kwa sababu kimetengenezwa kwa ajili ya joto la mwili, na kile cha zebaki hubaki kimeonyesha joto la juu hata kitu kikishapoa. Kila mara kipimajoto kimoja tulikitundika kivulini ndani ya chumba ili kiwe cha kulinganishia, na cha pili tulikiweka pale tulipotaka kupima. Tulisoma vyote viwili asubuhi, saa nane mchana na jioni.

Kwanza tuliweka bakuli la punje zilizovimba juu ya meza, katikati ya chumba. Kipimajoto kilichokuwa upande wa pili wa meza hakikuonyesha tofauti yoyote tuliyoweza kuisoma. Ila mkono ukiugusisha juu ya punje, ulisikia ubaridi.

Pili tulitia punje katika kopo lenye kifuniko, pamoja na kipimajoto, kama alivyofanya yule bibi. Ndani ya kopo joto lilikuwa sawa na la chumba. Kopo lilipohamishiwa dirishani penye jua, ndani yake palikuwa na joto kuliko chumbani.

Tatu tulishona mfuko wa kitambaa cha pamba, tukatia punje, tukauviringisha kwenye kipimajoto na kuutundika kivulini penye upepo. Hapo joto lilishuka vizuri, na mfuko uliendelea kuwa baridi hadi siku ya pili yake.

Nne, tulitundika pembeni kitambaa cha pamba kilicholowa maji matupu, na chini yake tukaweka mtungi wa udongo. Kitambaa kilipoa kama mfuko wa punje, ila kilikauka mapema na ilibidi kukilowesha tena na tena. Mtungi nao ulikaa katika ubaridi wake kwa muda wote tulioutilia maji.

Basi faida ya punje ni moja tu. Zinashika maji kwa muda mrefu bila kumwagika, kwa hiyo huna haja ya kulowesha mara kwa mara. Ubaridi wenyewe ni uleule wa mtungi wa bibi zetu.

Kwa nini haziwezi kuipoza nyumba?

Hesabu yake ni rahisi. Lita moja ya maji ikikauka yote kwa muda wa saa 24, huondoa joto la wati 28 hivi. Mtu mzima aliyekaa ametulia hutoa mwilini mwake joto la wati 100 hivi, kama ile taa kubwa ya zamani. Maana yake bakuli la punje linalokausha lita nzima kwa siku linaondoa kama robo tu ya joto la mtu mmoja aliyemo chumbani. Hapo hatujahesabu bati lililopigwa na jua kutwa nzima, wala jiko la mkaa, wala wale watoto wanne waliolala pamoja.

Tena ukifunga madirisha ili “kuhifadhi ubaridi”, chumba hujaa unyevu, jasho la mwili halikauki, na watu huona joto zaidi. Chumba chenye unyevu pia huota ukungu, na ukungu huwadhuru wenye pumu.

Anayetaka nyumba yenye nafuu afanye haya: aweke dari chini ya bati, hata kama ni ya mikeka, apande miti upande wa jua la alasiri, apikie nje ya chumba cha kulala, afungue madirisha jioni, nayo yawe na wavu wa kuzuia mbu, na alale ndani ya chandarua. Pesa ya kununulia punje ni afadhali aitie katika wavu wa dirisha.

Zinafaa kwa kazi gani?

Kisichowezekana kwa chumba kizima chawezekana kwa kitu kidogo kama chupa ya dawa. Huko Uingereza hutengenezwa mifuko midogo iitwayo Frio, yenye chembe za jeli hii zilizoshonewa ndani ya kitambaa. Mgonjwa wa kisukari huuchovya mfuko katika maji kwa dakika chache, huufuta, kisha huweka insulini yake ndani. Watengenezaji wanasema hukaa katika ubaridi kwa saa 45 hivi hata pakiwa na joto la nyuzi 37. Nao pia wanaonya kuwa usifungiwe ndani ya mfuko wa plastiki wala kopo. Ni onyo lilelile ambalo bibi yetu hakupewa.

Lakini mfuko huo ni wa gharama, na si rahisi kupatikana huku kwetu. Tunacho kitu kingine kilicho karibu. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alipewa tuzo ya Rolex ya mwaka 2000 kwa kueneza vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, na mchanga uliolowa katikati. Kwa njia hiyo bilinganya zilikaa siku 27 badala ya siku 3. Wataalamu wa kisukari nao wamevijaribu vyombo vya udongo toka nchi mbalimbali kwa ajili ya kuhifadhi insulini, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa vinafaa pale ambapo hakuna jokofu.

Mtungi wa dawa hutengenezwa hivi:

1. Tafuta vyungu viwili visivyopakwa rangi wala mng’ao, kimoja kiingie ndani ya kingine na kubaki na nafasi ya vidole viwili pande zote.

2. Tia mchanga safi chini na katika nafasi hiyo, kisha mwagia maji hadi ulowe.

3. Weka chupa ya insulini ndani ya kopo safi la plastiki lenye kifuniko, ili isilowe na maandishi yake yasifutike. Kopo hilo liweke ndani ya chungu cha katikati. Hapa kopo lafaa kufungwa, kwa sababu linalopozwa ni chungu, na maji ya mchanga yanakauka kwa nje.

4. Funika kwa kitambaa kizito kilicholowa.

5. Weka juu ya kigoda au matofali mawili, kivulini, penye hewa, mbali na jiko na mbali na mikono ya watoto.

6. Mwagia maji mchangani asubuhi na jioni. Siku ukisahau, mtungi huwa chombo cha kawaida tu.

Mwenye kipimajoto cha ukutani na aupime mtungi wake kwa siku tatu kabla ya kuweka dawa, kama tulivyofanya sisi: kimoja ndani, kingine chumbani, na kusoma saa nane mchana. Asiyekuwa nacho aombe msaada kituo cha afya kilicho karibu.

Mtungi huu si jokofu. Hauwezi kufika nyuzi 2 hadi 8 zinazotakiwa kwa chanjo. Chanjo zibaki kituoni.

Kwa wenye insulini nyumbani

Tunawasihi wazazi na walezi wazingatie yafuatayo:

- Chupa ambazo hazijafunguliwa ni vema zikae katika jokofu, nyuzi 2 hadi 8. Kama huna, omba kituo kikutunzie, uchukue moja moja.

- Chupa iliyofunguliwa andikwe tarehe. Kwa kawaida hutumika kwa wiki nne tu, ila fuata maelekezo ya karatasi ya dawa na ya kliniki yako.

- Insulini isigande kamwe. Usiiweke juu ya barafu wala karibu na sehemu ya kugandishia ya jokofu. Iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka.

- Usiiache juani, juu ya kabati karibu na bati, wala ndani ya gari lililofungwa. Ukisafiri kwa basi kwenda Mbeya au Iringa, ishike katika mkoba wako, usiiweke katika mizigo ya buti.

- Iangalie kabla ya kuivuta. Insulini ya maji meupe ikiwa na ukungu usiitumie. Ile yenye asili ya maziwa izungushe polepole viganjani, na ikibaki na mabonge usiitumie. Lakini kumbukeni kwamba dawa yaweza kupungua nguvu bila kuonyesha dalili kwa macho.

- Sukari ikipanda bila sababu, kimbilieni kituoni na chupa yenu mkononi. Msiache kuchoma sindano kwa sababu tu hamna jokofu. Kukosa insulini kunaua upesi kuliko insulini iliyopata joto kidogo.

Juu ya hilo la mwisho kuna habari ya kututia moyo. Katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, nchini Kenya, Madaktari Wasio na Mipaka walipima joto la nyumba za wagonjwa wakaona linacheza kati ya nyuzi 25 na 37. Pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva waliijaribu insulini katika joto hilohilo, na mwaka 2021 walitangaza kuwa ilibaki na nguvu yake kwa wiki nne. Lakini penye jua, au karibu na bati, joto hupita hapo. Kazi ya mtungi ni kuilinda dawa isifikie joto hilo.

Hatari kwa watoto

Jambo la mwisho ni zito kuliko yote tuliyosema juu ya punje hizi. Zinang’aa, zina rangi, na mtoto huziona kama pipi. Punje ndogo iliyomezwa huendelea kuvimba tumboni na yaweza kuziba utumbo. Mara nyingi haionekani katika picha ya eksirei, na huenda ikabidi mtoto apasuliwe. Mwezi Septemba 2023 mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitangaza kuondolewa sokoni kwa vifaa vya kuchezea vyenye punje hizi, baada ya mtoto wa miezi 10 kufariki.

Mtoto akizimeza, au mkidhani amezimeza, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo hata kama anacheza. Msimtapishe. Dalili za kuziba ni kutapika, kukataa chakula, tumbo kujaa na kuuma, na kukosa choo. Ikiingia sikioni au puani msitie maji wala dawa ya matone, kwani itavimba zaidi. Waambieni wahudumu wazi kuwa ni punje zinazonyonya maji, na kama mnayo nyingine waleteeni waione.

Kwa sababu hiyo, katika nyumba yenye watoto wadogo ushauri wetu ni kwamba punje zisiwepo kabisa. Msizitoe katika pampasi kwa ajili ya majaribio, na zilizopo msizimwage uani ambako watoto na kuku huokota kila kitu.

Yule bibi sasa ana vyungu viwili alivyovinunua kwenye gulio. Mjukuu wake ndiye anayemwagia maji mchangani kabla ya kwenda shule na akirudi jioni, na tarehe ya kufungua chupa huiandika yeye mwenyewe. Mwenye mgonjwa wa kisukari nyumbani asisite kuja kutuuliza. Njooni na chupa zenu, na mtueleze mnaziweka wapi.